Kufa Maji Ndani ya Gamba

Siku ya 30 shangazi yangu wa Kilindoni, kisiwani Mafia, alichoka kusubiri, akavunja yai moja. Ndani alimkuta kifaranga wa bata aliyekamilika: manyoya yapo, mdomo upo, miguu ya utando imekunjwa vizuri, na ute wa majimaji umemjaa mpaka puani. Akavunja la pili, la tatu. Hali ile ile. "Mwanangu," akaniambia kwenye simu, "bata wangu wamekufa maji." Nilicheka, kisha nikaona haya, maana kosa lilikuwa langu. Karatasi ya maelekezo nilimpelekea mimi.

Bata wake ni wale weupe wa Pekini, hodari wa kutaga na wavivu wa kuatamia, ndiyo maana akahitaji mashine. Mashine yenyewe ni boksi jeupe jepesi ambalo wachuuzi wa samaki hupakia barafu. Lilitobolewa matundu, likafungwa taa na kidhibiti joto kidogo, feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, na chini ikawekwa trei ya maji. Kipimajoto kilisoma nyuzi 37.5 wiki nne mfululizo. Angekosa feni, angetakiwa kupima juu ya migongo ya mayai na kulenga nyuzi 38 na ushei, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Feni ilikuwepo, na kwa upande wa joto hakukosea popote. Kilichowaua ni trei.

Karatasi ile niliipata kwa rafiki anayefuga Njombe. Ilisema: trei pana, maji yasipungue. Kwa Njombe ni sahihi kabisa. Hewa ina tabia moja ambayo mpishi yeyote wa Pwani angeielewa akielezwa vizuri: ukiipasha moto bila kuiongezea maji, kiu yake huzidi. Chukua hewa ya Kilindoni yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, uiingize kwenye boksi na kuipasha hadi 37.5. Unyevu utashuka mpaka asilimia 47 hivi. Sasa chukua hewa ya asubuhi ya Njombe, nyuzi 15, yenye asilimia 80 zile zile. Ndani ya boksi itabaki na asilimia 21 tu. Mayai ya bata yanataka kati ya 55 na 60 mpaka siku ya 25, halafu 70 na zaidi siku za kutotoa. Aliye Njombe ana pengo kubwa la kuziba, na trei yake pana inafanya kazi ya haki. Mafia, kisiwa ambacho chumvi hulowa kwenye kopo na kitabu huota ukungu kabatini, pengo hilo hujazwa na kisahani cha chai.

Na mbona maji mengi yadhuru kiumbe wa maji? Kwa sababu yai la ndege ni lazima likauke kidogo. Yai la bata la gramu 80 linatakiwa kufika siku ya 25 likiwa na gramu 70 hivi. Gramu zile kumi ni maji yaliyopenya kwenye vitundu vya gamba, na pengo linaloachwa hugeuka chumba cha hewa kwenye ncha butu. Humo kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza kabla hajadonoa gamba. Chumba kikiwa kidogo na yai bado limejaa, anapotoboa utando hukutana na ute badala ya hewa. Shangazi alikuwa amesema sawasawa kuliko nilivyodhani.

Baada ya hapo nilianza kujiuliza: waliototoa mayai kwa maelfu kabla ya kipimajoto walikuwa wanajuaje?

Wamisri ndio mashahidi wa zamani zaidi. Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Misri mayai huanguliwa yakiwa yamefukiwa kwenye samadi. Karne tatu baadaye Diodorus wa Sicilia naye alistaajabia ufundi wa wafugaji wao. Tanuri zao ni nyumba za matofali ya udongo zenye ujia katikati na vyumba vya ghorofa mbili kila upande. Mayai hukaa chini, moto wa samadi na makapi hufuka juu. Kipimajoto ni kope. Fundi huchukua yai akaligusisha kwenye jicho lililofumbwa, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na haidanganyiki upesi, akaamua kama afungue tundu la juu au aongeze moto. Alilala humo humo tanurini, na mwili wake ukawa sehemu ya mtambo.

Réaumur, mwanasayansi wa Ufaransa ambaye tayari alikuwa na kipimo cha joto chenye jina lake, alichapisha mwaka 1749 kitabu kizima cha namna ya kuangua vifaranga kwa moto. Alishikilia kwamba siri ya Wamisri ni kiwango cha joto tu, na kipimajoto kinaweza kumpokonya fundi siri hiyo. Akajaribu kwa samadi ya farasi. Akagundua kwa hasara kwamba mvuke wa samadi huua viinitete hata joto likiwa sawa, ikabidi mayai yawekwe ndani ya mapipa, mbali na ule unyevu. Yaani bwana yule wa Ufaransa na shangazi yangu waliangushwa na kitu kimoja, wakipishana kwa zaidi ya miaka 250. Kwa wasio na uwezo wa kununua kipimajoto alipendekeza kichupa chenye siagi iliyochanganywa na shahamu, kitu kinachoyeyuka karibu na joto la kuku. Nilifikiria mafuta ya nazi, ambayo Mafia hayajawahi kuadimika, lakini hayo huganda na kuyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Yatakuambia kuwa asubuhi ya kusi imeingia, basi.

Nadhani Réaumur alichukua namba akaliacha kope, na pamoja na kope akaacha jambo la pili lililo kubwa zaidi. Kwenye tanuri za Misri moto hauwaki mpaka mwisho. Ukifika katikati ya safari unazimwa, na mayai yanajimalizia yenyewe.

Jambo hilo lilikuja kunielea nilipowasoma watu wa makapi, wanaoangua mayai kwa mpunga na makapi yake. Pateros, mji ulio jirani na Manila huko Ufilipino, ni maarufu kwa mayai ya bata yanayoliwa kifaranga kikiwa ndani, yakiwa na siku kati ya 16 na 18. (Asiyeweza kula asile, mimi nimo.) Kwa jadi walikaanga mpunga wenye makapi kwenye sufuria kubwa, wakautia kwenye mifuko ya kitambaa, wakaupanga ndani ya matenga: mfuko wa mpunga wa moto, mfuko wa mayai, mfuko wa mpunga, mfuko wa mayai. Bangladesh, kwenye nyanda zinazofurika maji, wafugaji wa bata hupasha mayai kwanza kwa jua au taa, kisha huyatia kwenye mapipa ya mianzi yaliyozungushiwa makapi ya mpunga na kufunikwa kwa mito. China walikuwa na utaratibu wa aina hiyo tangu zamani. Katika mtindo huu, mpunga hukaangwa kwa ajili ya mayai machanga tu. Mayai yakikomaa, yanapangwa karibu na mapya ili yayapashe.

Hapo pana maarifa ambayo karatasi yangu haikuwa nayo. Wiki ya kwanza yai ni mdaiwa wa joto. Wiki ya tatu na ya nne ni jiko. Kiinitete kinapumua, kina damu, kinachoma mafuta ya kiini, na bata ana kiini kikubwa chenye mafuta mengi. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kona ya boksi kinaweza kusoma 37.5 kwa unyenyekevu wote huku mayai ya katikati yakiwa yamepita hapo. Mtu wa makapi hadanganyiki, kwa sababu mkono wake hupita kati ya mayai kila siku. Mashine hulinda namba moja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho na kujisifu kwa uthabiti, wakati kinacholindwa kimeshabadilika. Wafugaji wengi wa bata wenye mashine wanalijua hili, ndiyo maana baada ya wiki ya kwanza hufungua kifuniko mara moja kwa siku, mayai yapoe dakika kumi au kumi na tano, wayanyunyizie maji ya uvuguvugu, wafunge. Ukiwauliza kwa nini, wengi watakuambia wanamuiga bata mwenyewe.

Na kweli bata wetu wa kienyeji, yule mwenye nyama nyekundu usoni, hufanya hivyo. (Ni wa kienyeji kwa jina; asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini.) Huatamia siku 35, na kila siku hushuka, akala, akaoga dimbwini, akarudi na tumbo limelowa. Kuku, ambaye Pwani nzima hubebeshwa mayai ya bata bila kuulizwa, hana dimbwi. Kwa hiyo wanawake wa nyumbani huweka mayai saba au manane chini yake, si kumi na mbili, humsaidia kuyageuza kwa kuwa ni mazito, na juma la mwisho huyanyunyizia maji kwa vidole. Hakuna aliyewafundisha asilimia. Wanakopesha tumbo la bata kwa kuku. Kasoro ya kuku ni kalenda: mwili wake umepangiwa siku 21, na wapo wanaoinuka siku ya 23 wakaenda zao.

Kuna fundi mwingine Mafia ambaye sikumfikiria mpaka kijana wa jirani alipoingia uani akamkuta shangazi anageuza mayai, kila moja limeandikwa alama ya msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Kijana hushinda kisiwa cha Juani, kwenye fukwe za mashariki zinazotazama bahari kuu, ambako kasa hupanda kutaga. Shirika la Sea Sense limekuwa likifanya kazi na wenyeji wa kisiwa hicho kuvilinda viota tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kijana alishika kichwa. "Shangazi, ungekuja na mkono huo kwetu ungeua kiota kizima."

"Na wewe ungekuja kwangu ukakaa kimya hivyo hivyo, ungeua wangu," akajibiwa.

Wote wawili walikuwa sahihi. Kiinitete cha ndege kisipogeuzwa hugandana na utando. Cha kasa hujishikiza juu ya gamba saa chache baada ya kutagwa, na ukiligeuza yai baada ya hapo unakikata. Ndiyo sababu kiota kilicho hatarini kusombwa na bamvua huhamishwa mapema, kila yai likibebwa vile vile lilivyolala. Gamba la kasa ni laini kama ngozi, na kwenye mchanga wenye unyevu hunywa maji, wakati la bata lazima liyapoteze. Hata namba ni za ulimwengu mwingine. Mchanga wa nyuzi 29 hivi hutoa madume na majike. Ukipoa zaidi wanazidi madume, ukipata moto zaidi wanazidi majike. Kwa bata joto la boksi halichagui jinsia. Hiyo imeamuliwa na yai la mama. Lakini kuna jambo moja wanaloshirikiana. Mayai mia na zaidi yaliyofukiwa pamoja nayo huanza kupashana moto katika theluthi ya mwisho ya siku zake zipatazo 55 hadi 60, na kiota huwa na joto kuliko mchanga wa pembeni. Anayehamisha kiota huamua hali ya joto mara moja tu, kwa kina cha shimo na kwa kivuli, kisha hana kidhibiti cha kuzungusha. Sijaona utaratibu mwingine unaomtaka mtu ajue mengi kiasi hicho mapema halafu akae mbali.

Mkupuo wa pili wa shangazi ulikuwa wa mayai 16. Trei ilitoka, kikaingia kisahani. Usiku wa siku ya 17 umeme ulikatika, na mimi, mtu wa karatasi, nikampigia simu kwa hofu: chupa za maji ya moto, blanketi, taa ya chemli. Aliniuliza mayai yana siku ngapi. Nikamwambia. "Basi hao watu wazima," akasema. Aliziba nusu ya matundu kwa usumba wa nazi, akatandika kanga mbili juu ya boksi, akaenda kulala. Umeme ulirudi alfajiri. Alikuwa ameelewa kitu nilichokisoma bila kukitumia: baridi ya saa chache huchelewesha tu, ila nyuzi 40 na kuendelea huua haraka, na chupa zangu za maji ya moto zingeweza kufanya kazi hiyo vizuri sana.

Siku ya 25 aliacha kugeuza, akaongeza kitambaa kibichi kando ya kisahani. Siku ya 27 jioni gamba la kwanza likadonolewa. Walitoka 11. Yale matano yaliyobaki aliyavunja mwenyewe uani mbele yangu, safari hii nikiwepo. Mawili yalikuwa viza, hayakuwa na kitu tangu mwanzo. Mawili yalikufa yakiwa machanga, uzi wa damu tu. La tano lilikuwa na kifaranga kamili, na chumba chake cha hewa kilikuwa chembamba kuliko nilivyotarajia.

Shangazi aliligeuza gamba kwenye mwanga, akalipindua, likadondosha tone.

"Kisahani nacho kimezidi," akasema, akaingia jikoni kutafuta kifuniko cha kopo la maziwa.