Umekuta noti ya zamani kwa babu? Usiipige pasi, utaiharibu bei

Umefungua sanduku la babu, ndani ya kitabu umekutana na noti ya bluu ya shilingi 20 yenye picha ya Mwalimu Nyerere. Imejikunja na kuchafuka kidogo. Wengi hapo hukimbilia pasi ili noti "ionekane mpya", halafu waanze kutafuta mnunuzi wa mamilioni. Kumbe hapo ndipo hela inapopotea.

Kwanza tuelewane: uzee peke yake hauipi noti bei. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi mwaka 1966 na kutoa noti za shilingi 5, 10, 20 na 100. Ni za zamani kweli, lakini zile ndogo watu wengi bado wanazo majumbani. Noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, zilizoanza kutolewa 1908, hizo ni habari nyingine. Zimebaki chache mno, hivyo hata iliyochakaa inagombaniwa. Kwa noti ya kawaida, kinachoamua bei ni hali yake.

Wakusanyaji hupima hali hiyo kwa alama 1 mpaka 70, na zipo kampuni kama PMG ya Marekani zinazofanya kazi hiyo kwa malipo. Kuanzia 60 ni noti ambayo haijatumika, haina mkunjo hata mmoja. Kati ya 50 na 58 ina alama ndogo tu, labda mkunjo mwepesi wa katikati. Kati ya 20 na 35 imeshapita mikononi mwa watu ila karatasi bado ina ugumu wake. Ikishuka chini ya 10, imelegea kama kitambaa.

Unaweza kujipimia mwenyewe nyumbani. Nawa mikono, ikauke vizuri, kisha shika noti kwenye kingo. Ilaze kwa mshazari chini ya taa na uhesabu mikunjo, maana ukiitazama wima mingi haionekani. Halafu iinue mbele ya dirisha. Hapo utaona vitobo vya pini (zamani watu walibana noti kwa pini), michaniko midogo ya pembeni, na alama ya maji. Kwa noti za 1966 alama hiyo ni kichwa cha twiga. Usipoiona, kuwa na wasiwasi. Angalia pia kama kuna maandishi ya kalamu, kutu au gundi ya selotepu.

Sasa turudi kwenye pasi. Noti halisi ina wino ulioinuka kidogo, unausikia ukipitisha kidole taratibu. Ukiipiga pasi, wino unalala na karatasi inapoteza uhai wake. Ukiifua kwa sabuni, rangi inapauka. Mzoefu anagundua mara moja, na bei inashuka kuliko ungeiacha na uchafu wake. Kwa maoni yangu, noti chafu ya kweli ni bora kuliko noti safi ya kubabaisha. Selotepu nayo usithubutu, hata kama imechanika.

Kuhusu bei, usiamini kiasi ambacho muuzaji ameandika mtandaoni. Mtu anaweza kuandika lolote. Tafuta zilizokwisha kuuzwa kwenye minada, noti ile ile, saini zile zile, hali inayofanana na yako.

Na wale mliobaki na noti za 1985 hadi 2003, au ile ya 500 ya mwaka 2010? Muda wa kuzibadilisha uliisha tarehe 5 Aprili 2025, kwa hiyo dukani hazipokelewi tena. Zilitoka nyingi sana, hivyo iliyochakaa haina soko la maana kwa wakusanyaji. Ukiwa nayo mpya kabisa, isiyo na mkunjo, ihifadhi ikiwa imenyooka, mbali na jua na unyevu. Wa Pwani hasa, unyevu wa huko hauna huruma na karatasi.

Akitokea mtu kwenye simu anasema atainunua noti yako kwa milioni kadhaa, ila utume kwanza "ada ya usajili", kata simu. Mnunuzi wa kweli ataomba picha za pande zote mbili, atauliza kuhusu mikunjo, kisha mtapatana bei.