ASKOFU WA MTO SHIRE
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Charles Mackenzie, mwalimu wa Caius College aliyeshika nafasi ya pili katika mtihani wa hisabati wa Cambridge mwaka 1848, amewekwa wakfu kuwa askofu mjini Cape Town tarehe 1 Januari 1861. Julai 16, akiwa na mpelelezi Livingstone kijijini kwa Mbame, ameshuka kijitoni kuoga. Huku nyuma baragumu linalia. Msafara wa watumwa unakuja!

SASA ENDELEA...

Walinzi walikuja wakitamba na bunduki zao. Kumwona Livingstone tu, wakatimua mbio, wakawaacha mateka njiani.

Kamba za wanawake na watoto zilikatwa kwa visu. Kwa wanaume, kisu hakikufua dafu. Shingoni walivikwa makongwa, magogo yenye panda ya urefu wa futi sita hadi saba, yamefungwa kooni kwa pingo la chuma. Ndipo ukakumbukwa msumeno uliokuwamo katika mizigo ya Askofu. Mmoja baada ya mwingine, wakakatwa makongwa.

Mackenzie aliporudi, aliwakuta wanawake wakiwapikia watoto wao chakula. Kuni zilikuwa ni makongwa yaleyale.

Watu 84 waliokombolewa siku ile akawachukua, akafanya nao makazi Magomero. Lakini hakukukalika. Wamang'anja walimjia wakilia kwamba Wayao wanawateka na kuwauza. Je, mtu wa Mungu ashike bunduki? Aliishika. Vijiji vya Wayao vikateketezwa.

Wapo wanaomtetea hadi leo kwamba aliwapigania wanyonge. Mimi namsifu kwa msumeno. Kwa moto ule, namlaumu. Makongwa yalikatwa bila kumwacha mtu hata mmoja bila paa.

Mwaka ukageuka. Januari 1862 alipaswa kukutana na Livingstone mahali mto Ruo unapoingia Shire. Wajumbe aliowatuma kutafuta njia walishambuliwa, naye akachelewa. Mwishowe akateremka mtoni kwa mtumbwi, pamoja na kasisi kijana Henry Burrup, ambaye tayari alikuwa mgonjwa.

Usiku mmoja mbu waliwazidi, wakaamua kusonga mbele gizani. Ghafla mtumbwi ukajaa maji! Wenyewe walinusurika. Dawa zilizama zote, pamoja na kwinini, kinga yao pekee dhidi ya homa.

Walipofika kisiwani Malo, wenyeji waliwapa habari iliyowakata maini: meli ya Livingstone ilikwisha kupita, ikielekea baharini. Wafanyeje? Wakaamua kumsubiri palepale, kati ya mito miwili iliyofurika.

Burrup alizidi kudhoofika. Kisha Askofu mwenyewe akaanza kutetemeka.

Wakati huohuo, huko baharini, dada yake Anne alikuwa safarini kuja kuishi naye, chombo chake kikiukaribia mlango wa Zambezi.

Nani atamfikia Askofu kwanza: dada yake, Livingstone, au mauti?

ITAENDELEA WIKI IJAYO