Huduma za afya nje ya saa za kliniki (Oyugis)

Huduma nje ya saa za kliniki ni matibabu yanayohitajika usiku, mwisho wa wiki na siku za sikukuu, wakati vituo vingi vya umma vya ngazi ya chini vimefungwa. Katika mji wa Oyugis, ulio kwenye barabara kuu ya Kisumu na Kisii katika Kaunti ya Homa Bay, na katika vijiji vya Rachuonyo vinavyoutegemea, mzigo wa saa hizo huangukia Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Rachuonyo Kusini, hospitali na kliniki za watu binafsi, maduka ya dawa na waendesha bodaboda.

Kisheria, haki ya mgonjwa wa dharura haibadiliki jua linapotua. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inajumuisha katika matibabu hayo huduma inayotolewa kabla ya mgonjwa kufika hospitalini, kumtuliza ili hali yake isizorote, na kumpangia rufaa, yaani kumpeleka kwenye kituo chenye uwezo zaidi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, zahanati, hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa yamekuwa chini ya serikali za kaunti.

Ugumu unatokana na muundo wa ngazi 6 za afya nchini Kenya. Zahanati, ambayo ni ngazi ya 2 na ndiyo iliyo karibu zaidi na makazi ya watu wa mashambani, kwa kawaida huhudumiwa na wauguzi wachache mno kuweza kugawana zamu za mchana na usiku, na hivyo hufanya kazi siku za juma kwa saa za ofisi, ilhali hospitali ya ngazi ya 4, kama ile ya Oyugis, hutarajiwa kuwa wazi saa 24. Mahali ambapo muuguzi amejengewa nyumba uani mwa zahanati, mgonjwa anaweza kubisha mlango wake usiku. Asipokuwa na nyumba hapo, safari ya kwenda mjini haina budi kuanza gizani. Kwa mtu wa kijijini, nyumba ya muuguzi ina uzito zaidi kuliko saa zilizoandikwa kwenye kibao cha lango.

Ukanda wa Ziwa Viktoria, iliko Homa Bay, ni eneo la malaria ya kudumu, na homa ya mtoto inapopanda usiku, wazazi wengi hukimbilia kwanza duka la dawa, ambalo Wakenya huliita kemisti. Mwenye duka aliyesomea famasia anaweza kusaidia kwa homa ya kawaida, lakini mtoto mwenye degedege au anayetapika kila anachopewa anahitaji dawa ya sindano. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakubali mtoto wa chini ya miaka 6 apewe artesunati kwa njia ya haja kubwa pale ambapo sindano haipatikani, kwa sharti kwamba apelekwe hospitalini mara moja.

Uzazi nao hauna saa. Ada za kujifungua katika vituo vya umma ziliondolewa Juni 2013, na tafiti za kitaifa zinaonyesha kwamba uzazi wa vituoni ulipanda kutoka asilimia 61 mwaka 2014 hadi asilimia 82 mwaka 2022. Hata hivyo kuondolewa kwa ada hakukulifungua lango la zahanati usiku, na mama anayeshikwa na uchungu usiku wa manane bado huenda akamwita nyamrerwa, yaani mkunga wa jadi kwa Kijaluo. Akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, anaweza kufa ndani ya saa chache. Kutoka Oyugis, hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu iko Kisii, katika kaunti nyingine, kwa hiyo gari la wagonjwa la kaunti moja hulazimika kuvuka mpaka ambao mgonjwa mwenyewe hauoni.

Jambo linalosahaulika mno ni dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya mtu kubakwa au kuchomwa na sindano, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema iwezekanavyo. Mtu aliyebakwa Ijumaa saa mbili usiku, akingoja kliniki ya VVU ifunguliwe Jumatatu saa mbili asubuhi, atakuwa amepoteza saa 60. Katika kaunti ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zenye maambukizi makubwa zaidi nchini, dozi za mwanzo hazina budi kuwekwa katika chumba cha dharura, mikononi mwa mhudumu wa zamu.

Kafyu ya kuzuia kuenea kwa UVIKO-19, iliyoanza 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ilifanya usafiri wa usiku kuwa mgumu zaidi hata kwa wenye dharura. Baadaye, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilianzisha hazina maalumu ya kugharimia dharura na magonjwa sugu. Mwaka huohuo serikali iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye vifaa kama vipimajoto na vipima shinikizo la damu, huku posho yao ikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Wahamasishaji hao huishi vijijini na ndio wanaoamshwa kwanza usiku, ingawa kwa dharura kubwa kazi yao huishia kwenye kupima, kushauri na kuandika rufaa.