Gemu kama mazoezi ya mgonjwa: zipi zinafaa, zipi geresha tu

Wadau, mjomba wangu wa Msimbati alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukagoma. Akaelekezwa mazoezi: inua mkono, fumba ngumi, fumbua, kila siku. Wiki mbili tu akachoka. "Mjomba, hii kazi haina mwisho," akaniambia. Ndo nikaanza kupekua habari za gemu.

Kwanza tuelewane. PlayStation za vibandani kwetu Mtwara, unakaa kwenye benchi unabonyeza padi, hapo vidole tu ndo vinafanya kazi. Gemu ya mazoezi inasoma mwendo wa mwili. Iliyovuma sana ni Wii ya Nintendo, ilitoka mwaka 2006: unashika rimoti, ukizungusha mkono kama unapiga tenisi, mtu wa kwenye skrini naye anapiga. Mwaka 2007 ukaja ubao wa kusimama juu yake, una vihisio 4 vinavyopima umeegemea mguu upi. Wii haitengenezwi tena, lakini zimekuja nyingine zinazomsoma mtu kwa kamera.

Inasaidiaje? Baada ya kiharusi ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia, na kurudiarudia kunaboa. Gemu inahesabu pointi, mtu anataka kushinda.

Ila tusidanganyane. Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2017 ulikusanya tafiti 72 zenye watu 2,470. Kwa mkono, gemu badala ya mazoezi ya kawaida haikuonyesha kuyazidi. Faida ilionekana pale ilipoongezwa juu ya mazoezi hayo. Yaani ni nyongeza, siyo mbadala. Na mwenye kifafa, kizunguzungu au presha ya juu amuulize daktari kwanza.

Hapo jirani Uganda walijaribu ya akili. Watoto 60 wenye VVU waligawanywa, kundi moja likacheza Captain's Log kwenye kompyuta, dakika 45 mara 2 kwa wiki, wiki 5. Matokeo yalitoka 2010: waliocheza walipiga hatua kwenye vipimo vya umakini na vya kujifunza njia ya mzingile.

Mjomba hana Wii, hata TV hana. Tumemwekea korosho ghafi kwenye sinia, anaziokota kwa mkono mbovu kutia bakulini, simu inahesabu dakika moja. Mjukuu wake anashindana naye. Alianza na 3. Jumapili alifikisha 11, akadai dogo kamwibia mbili.