Mapenzi Pande Mbili za Sheria: Ukanda wa Shaba na Riwaya ya Taharuki

Riwaya ya mapenzi yenye taharuki haiwezi kusimama pasipo hatari. Wapendanao sharti wawe na kitu cha kupoteza. Pale wanapokuwa wanaume wawili, waandishi wa Ulaya na Marekani wamezoea kuiachia sheria kazi hiyo: askari hubisha hodi usiku, au barua ya siri huangukia mikononi mwa mtu mwenye tamaa ya fedha. Kanuni hiyo ikipelekwa Kolwezi hukwama, kwani katika ukanda wa shaba sheria yenyewe iligawanywa na mpaka wa kikoloni.

Kusini mwa mpaka, Kanuni ya Adhabu ya Rhodesia ya Kaskazini iliyoanza kutumika mwaka 1931 ilitokana na chimbuko moja na kifungu cha 162 cha Kenya na kifungu cha 154 cha Tanganyika. Kosa liliitwa tendo dhidi ya maumbile, na adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka 14. Zambia iliizidisha mwaka 2005. Na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvibatilisha vifungu vya nchi hiyo. Kaskazini mambo yalikuwa mengine. Ubelgiji ilirithi sheria ya Ufaransa, ambayo tangu mwaka 1791 haikulihesabu tendo hilo kuwa jinai. Kwa sababu hiyo Kanuni ya Adhabu ya Kongo, iliyopangwa upya kwa amri ya tarehe 30 Januari 1940, haikulitaja. Ilichokuwa nacho ni kosa la kuvunja adabu hadharani, maneno mapana ya kutosha kumnasa yeyote aliyechukiwa na afisa. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 nayo ilitaja ndoa kuwa ya watu wa jinsia mbili tofauti bila kulifanya penzi lenyewe kuwa jinai. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba Burundi, iliyolelewa na sheria hiyohiyo ya Kibelgiji, iliweka kosa hilo kwa hiari yake mwaka 2009. Si kila jambo la kusingiziwa mkoloni.

Je, kibarua aliyepanda treni kutoka Rhodesia kwenda Elisabethville, baada ya reli kufika huko mwaka 1910, alikuwa akitoka kifungoni na kuingia katika uhuru? La. Katika Katanga mamlaka iliyomgusa mfanyakazi kila siku haikuwa mahakama bali kampuni, yaani Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Huko Afrika Kusini makambi ya madini yalikuwa ya wanaume watupu, na mwaka 1907 serikali ya Transvaal ilichunguza habari za wachimbaji wa Witwatersrand waliowaoa vijana wa kiume, wakawatunza kwa zawadi nao wakahudumiwa kama waume. Mmisionari Henri Junod aliyaandika hayo kwa uchungu mwingi, na pengine bila kukusudia akawaachia wanahistoria ushahidi wa thamani. Union Minière ilifuata njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 iliwavuta wafanyakazi wakae kwa mikataba ya miaka mitatu pamoja na wake zao, kwa kuwa kuwatafuta wapya kila mara kulikuwa ghali na vifo vilikuwa vingi. Hesabu ilitangulia, maadili yakafuata.

Kolwezi, mji uliowekwa mwaka 1937, ulizaliwa ndani ya mpango huo. Nyumba, hospitali, shule na posho vilifungamana na ndoa; mke na watoto waliandikwa katika daftari la kampuni, na mgawo ukapimwa kwa idadi yao. Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi wafanyakazi wa shaba walivyoiona kampuni kuwa baba. Kwa baba wa namna hiyo mwanamume asiye na mke alikuwa mtu nusu. Mwandishi atakayetunga kisa cha wanaume wawili wa Musonoi au Kingamyambo, jina ambalo nje ya Kolwezi hujulikana zaidi kwa lundo la masalio ya shaba, hatahitaji askari wala hakimu. Mkubwa wa kambi na daftari lake wanatosha.

Kisa cha kweli kilicho karibu zaidi ni cha Roger Casement, konsuli wa Uingereza katika Kongo ya Leopold. Mwaka 1903 alisafiri juu ya mto kuchunguza ukatili wa mpira, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1904. Safari hiyo haikufika Katanga. Ila katika shajara ya mwaka huohuo aliandika pia mahaba yake ya siri na wanaume, na akamwombolezea Jenerali Hector Macdonald, aliyejiua mjini Paris kwa kuogopa kashfa ya aina hiyo. Inasikitisha kuona kwamba katika maombolezo yale aliyaita mapenzi hayo ugonjwa. Alipohukumiwa kifo mwaka 1916 kosa lilikuwa uhaini. Lakini nakala za shajara zilipitishwa kwa siri kwa waandishi wa habari na wanasiasa ili wamwombeao msamaha wanyamaze. Alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Mario Vargas Llosa alimwandikia riwaya mwaka 2010.

Riwaya pendwa ya Kiswahili haikuifuata njia hiyo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ana sahibu yake Najum, na Willy Gamba wa Elvis Musiba ana wanawake; urafiki wa wanaume humo ni wa kazi na mzaha. Wala haifai kusema kwamba Kiswahili cha Katanga hakikuweza kubeba siri za nyumbani: mwaka 1965 André Yav aliandika kwa lugha hiyo historia ya Elisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, watu waliotandika vitanda vya mabwana.

Aliyekaribia zaidi aliandika kwa Kifaransa. Katika Le Bel Immonde (1976), V. Y. Mudimbe amesimulia penzi la waziri na Ya, binti anayetumwa na waasi kumpeleleza, huku Ya akimpenda pia mwanamke mwenzake. Rafiki huyo anauawa, waziri anakufa, na Ya anarudi baa. Hakuna kifungu cha sheria kinachowatisha wanawake wale wawili. Hatari yote inatoka kwa Dola na kwa waasi. Mudimbe alizaliwa mwaka 1941 Jadotville, Likasi ya leo, mji wa kampuni. Hadithi yake aliipeleka Kinshasa, mbali na makambi.