Bangi kama somo la chuo kikuu

Bangi kama somo la chuo kikuu ni taaluma inayouchunguza mmea wa Cannabis sativa kwa upande wa kemia, botania, famasia na sheria. Ilishika mizizi nchini Marekani katika miaka ya 2010, baada ya wapiga kura wa Colorado na Washington kuhalalisha bangi ya starehe mwaka 2012. Tangu mwanzo imeshutumiwa kuwa inalegeza maadili ya vijana. Ukiichambua mitaala yenyewe, shutuma hiyo haina mashiko. Kasoro yake kubwa iko kwingine: wanafunzi wamefundishwa juu ya mmea ambao sheria haiwaruhusu kuugusa.

Chimbuko

Daktari wa Kiayalandi William O'Shaughnessy, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha udaktari cha Calcutta, alichapisha mwaka 1839 majaribio yake ya bangi kwa wanyama na kwa wagonjwa wa pepopunda na baridi yabisi. Hata hivyo utafiti ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mofini ilikuwa imeshatenganishwa na afyuni mwanzoni mwa karne hiyo ya 19, lakini kiini kinacholevya cha bangi, yaani THC, kilisubiri hadi 1964, pale Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni wa Israeli walipobainisha umbo lake wakitumia hashishi waliyopewa na polisi. Mwaka 1988 vilitambuliwa vipokezi vya THC ndani ya ubongo, na mwaka 1992 ikapatikana anandamaidi, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza ili kuviamsha vipokezi hivyo. Madaktari waliohitimu kabla ya hapo hawakuweza kufundishwa mambo hayo, na hapo ndipo penye haja ya awali ya somo hili.

Shahada ya Northern Michigan

Chuo Kikuu cha Northern Michigan, kilichoko mji wa Marquette, kilianzisha mwaka 2017 shahada ya kwanza ya miaka minne katika kemia ya mimea ya dawa, na bangi ndiyo iliyoipa umaarufu. Mwanafunzi hupitia kemia ya viumbe hai, kemia ya uchambuzi na botania, masomo magumu ambayo mvivu hayavumilii. Chuo hakikupanda bangi. Ingawa jimbo la Michigan liliiruhusu bangi ya starehe kwa kura ya Novemba 2018, sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 iliiweka katika jedwali la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini, na chuo kinachopokea fedha za serikali kuu hakiwezi kuifumbia macho. Wanafunzi walijifunza kwa kutumia mimea mingine ya dawa inayoruhusiwa.

Ili kuona uzito wa kizuizi hiki, chukua kazi moja tu ya maabara. Sampuli iliyokaushwa husagwa, hupimwa, huloweshwa katika methanoli, huchujwa, kisha hupitishwa kwenye mtambo wa kromatografia, na kila kemikali hujitokeza kwenye skrini kama kilele chake. Katika ua bichi sehemu kubwa ya THC bado iko katika hali ya asidi, THCA, isiyolevya. Moto huiondolea kaboni dioksidi na kuigeuza THC. Kromatografia ya gesi hupasha sampuli joto, hivyo huibadili asidi hiyo wakati wa kupima kwenyewe. Ya kimiminika huzipima mbili hizo kila moja peke yake. Sampuli yenye asilimia 0.1 ya THC na asilimia 1 ya THCA itaonekana, ukihesabu THC pekee, iko chini ya asilimia 0.3, mpaka uliowekwa na sheria ya kilimo ya 2018 kati ya bangi haramu na hempu ya viwandani. Zidisha THCA kwa 0.877, ambao ni uwiano wa uzito wa molekuli hizo, ujumlishe, na utapata karibu asilimia 0.98. Shamba zima linaweza kuchomwa moto au kuachwa kutokana na hesabu hiyo. Anayeifanya kazi hii hapaswi kuijulia vitabuni tu.

Pingamizi

Wapo wasemao kwamba kuifundisha bangi ni kuipigia debe. Lakini vyuo vya famasia hufundisha mofini kila mwaka na hakuna anayewadhania wahadhiri wake kuwa wauza afyuni. Somo lenyewe linahusisha pia madhara: utegemezi, ajali za barabarani, na hatari kwa akili za vijana. Wengine husema shahada ya kawaida ya kemia inatosha. Kwa mkemia, hoja hiyo ina ukweli wake. Kwa mfamasia haitoshi. Epidiolex, dawa ya kifafa iliyotengenezwa kwa CBD, kemikali nyingine ya bangi, na kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, hupandisha katika damu kiwango cha zao la klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, na mtoto anayetumia zote mbili anaweza kusinzia kupita kiasi. Shahada ya uzamili iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 2019 ililenga ujuzi wa namna hii, japo sehemu kubwa yake husomwa kwa mtandao.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha, kwamba wafanyabiashara ndio wanaoligharamia soko hili na elimu yake. Ni kweli kozi fupi nyingi zinaandaa wakulima na wauzaji tu. Shule ya Oaksterdam ya mji wa Oakland, iliyofunguliwa 2007 na kuvamiwa na maofisa wa shirikisho 2012, ilikuwa ya aina hiyo. Ni kweli pia kwamba wazalishaji wengine huhama maabara hadi wapate itakayowaandikia kiwango kikubwa cha THC. Lakini tatizo hilo linatibika kwa wachambuzi waliosoma vizuri na wenye uthubutu wa kuikataa sampuli ya mteja, na hao hawapatikani kwa kufunga madarasa.

Nchi nyingine

Kanada ilihalalisha bangi Oktoba 2018, na Niagara College ya Ontario ikaanza mwaka huo kufundisha kilimo chake kwa mimea halisi. Rwanda iliruhusu mwaka 2020 kilimo cha bangi ya dawa kwa kuuza nje. Tanzania na Kenya bado zinaikataza.

Hali ya sasa

Kuanzia 1968, kwa zaidi ya miaka hamsini, shamba la Chuo Kikuu cha Mississippi lilikuwa chanzo pekee halali cha bangi ya utafiti Marekani, na watafiti walilalamika kwamba haifanani na inayouzwa madukani. Wakulima wengine walianza kupewa idhini mwaka 2021, na sheria ya Desemba 2022 ikarahisisha maombi ya watafiti. Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ihamishiwe jedwali la tatu. Hata huko, chuo kitahitaji leseni kabla mwanafunzi hajakabidhiwa ua moja.