Usoke, mgahawa wa dirishani

Huku bwenini kulizuka ubishi: kwenu mnajivunia mgahawa gani? Wa Dar wakataja hambaga na aiskrimu, wa Zanzibar wakataja urojo. Mimi mtu wa Usoke nikasema: stesheni. Watu wakacheka kweli! Haya, chukueni historia kidogo.

Kwetu biashara ya kulisha wasafiri ni kongwe kuliko reli. Karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, kisha ikaendelea magharibi. Mpagazi alipewa posho, kwa kawaida kibaba cha nafaka kwa siku, au shanga na vitambaa akanunue mwenyewe vijijini. Mwenye mtama, karanga au kuku karibu na njia alikuwa na soko mlangoni.

Ila soko hilo lilitaka njia iwe wazi. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya Ujiji. Hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikabidi azungukie kusini. Sasa msafara ukizunguka, mama aliyekwisha twanga unga wake amuuzie nani?

Halafu wakaja Wajerumani na reli yao. Walianza Dar mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mizigo ikatoka mabegani ikaingia kwenye mabehewa, na mwenye chakula naye akahamia stesheni. Treni ikisimama, beseni linapanda kichwani hadi usawa wa dirisha: kuku, mihogo, karanga, maembe yakiwa msimu, asali ya Tabora kwenye chupa. Meza hakuna, menyu hakuna. Unauliza, "Mama, kuku bei gani?" huku noti iko mkononi, maana dereva hangoji chenji yako. Kwani hambaga ni nini, jamani, kama si chakula cha mkononi cha mtu mwenye haraka?

Tatizo ni lilelile la enzi za Mirambo. Desemba 2009 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Dodoma, safari za abiria zikavurugika. Kuku aliyekwisha kaangwa hajui hayo, analala na mwenyewe.

Na sasa kuna SGR. Tangu 2024 treni ya umeme inakimbia Dar hadi Dodoma, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa Desemba 2022. Mimi naifurahia, nani asiyetaka kufika nyumbani mapema? Lakini dirisha la treni ile halifunguki. Wanaochora stesheni mpya wawachoree na akina mama sehemu ya kuuzia, tena karibu na abiria, sio nyuma ya uzio. Beseni lile limesomesha watoto wengi, wengine wako hapahapa chuoni wanajifanya hawalijui.

Haya, nakimbilia maktaba. Wa Kaliua na Urambo, najua mtabisha kwamba kuku wenu ni watamu zaidi. Bisheni tu!